Thamosi ya Supu

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, na kina mama wa kanisa lao hawakwenda kwa waganga. Lakini supu ya mifupa iliyochemshwa na mizizi haikuhesabiwa uganga. Miaka ile ya sabini, kwetu Tetu, ilikuwa chakula cha wazazi ambao kuchuma majani chai kumewamaliza magoti. Mizizi tulinunua kwa mama mmoja sokoni, nami ndiye niliyeichemsha tangu asubuhi mpaka maji yageuke meusi.

Magoti yakapata nguvu. Kisha kikaja kikohozi kikavu, na baadaye kuhema. Tulisema ni baridi ya mlima, nikaongeza mizizi. Kufika Krismasi hakuweza kutoka jikoni hadi kwenye zizi la ng'ombe bila kupumzika.

Hospitalini, daktari aliuliza kama kuna dawa anayotumia nyumbani. Nilijibu hapana, tena bila kusita. Supu imekuwa dawa tangu lini?

Wiki ya kwanza wodini alipata nafuu, akaanza hata kuwatania wauguzi. Ningekuwa na akili ningetulia. Badala yake nilimhurumia kwa ule uji mwepesi wa hospitali, nikawa nachemsha supu, naijaza kwenye thamosi na kutembea nayo hadi Nyeri niwahi saa ya kuwaona wagonjwa. Alikunywa yote mbele yangu. Baada ya siku chache akawekewa oksijeni.

Muuguzi mmoja alifungua thamosi, akanusa, akaenda kumwita daktari. Daktari hakunikemea. Alisema mapafu yameumia, na kwamba kuna mizizi inayoweza kufanya hivyo. Afadhali angenitukana.

Nilimweleza mama huku nikilia. Yeye aliniita mama siku zote, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama, hiyo supu ilikuwa inanifunga kifua," alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Nilikuwa najua."

"Sasa mbona ulikuwa unakunywa?"

"Umetoka Tetu na miguu ukiibeba. Ningekataa aje?"

Tulimzika kabla ya mvua ya masika. Pale kaburini kina mama wa kanisa walinishika mkono mmoja mmoja, wakanishukuru kwa jinsi nilivyomtunza.