Kereng'ende Mwekundu na Mke Wake

Kama kuna kitu kilichonichosha zaidi ya nzige, ni kitabu cha yule memsabu. Nzige walikuja, wakala, wakaenda zao. Kitabu kilikaa mezani mwaka mzima, na kila nilipofungua mdomo kilininyamazisha.

Nilikuwa msichana wa kufua nguo katika nyumba ya misheni, huko vilima vya Mbooni, miaka michache baada ya nzige kutumaliza. Mchungaji alihubiri, na mke wake, yule memsabu, akakimbiza kereng'ende. Alikimbia kando ya mto na wavu wa shashi uliofungwa kwenye mti mrefu, kofia ikimwanguka, na akina mama waliokuja kuteka maji wakajishika mbavu kwa kucheka. Kisha wakanigeukia mimi. "Umeajiriwa kukusanya wadudu? Wale waliokula mtama wetu hawakukutosha?" Nilijibu mpaka nikachoka kujibu.

Lakini sitakataa kwamba nilijifunza. Kitabu chake kilikuwa na picha za kereng'ende wa Ulaya, wa Uhindi, wa Amerika, hata wa visiwa ambavyo yeye mwenyewe alivitafuta kwenye ramani kwa kidole. Alinionyesha kwamba wale wanene hutua mabawa yakiwa wazi, na wale wembamba kama sindano huyakunja mgongoni, na kwamba macho ya wanene wengi hugusana juu ya kichwa ilhali ya wembamba yameachana. Nikawa nasimama mtoni na shati la mchungaji mkononi, natazama macho ya wadudu. Povu lilikauka kwenye shati na nikagombezwa kwa hilo pia.

Shida yetu ilikuwa moja. Kwenye mawe nilipofulia kulikuwa na kereng'ende mwekundu, mwekundu wa pilipili iliyoiva, na mwingine wa rangi ya uji wa mtama. Memsabu aliwachora wote wawili kwa rangi za maji upesi upesi, maana rangi ya kereng'ende hufifia mara tu anapokufa, na chini ya kila mmoja akaandika jina lake refu. Majina mawili. Alikuwa ameshuka hadi chemchemi za Kiboko, kule bondeni kwenye joto, akawapata wale wale, akaandika tena majina mawili.

Nikamwambia, "Memsabu, hawa ni mume na mke."

Akafungua kitabu. "Kitabu iko sema mbili. Rangi mbili, namna mbili."

"Lakini mimi nawaona kila siku. Huyu mwekundu anamshika huyu shingoni, wanaruka pamoja. Halafu yule wa uji anachovya mkia kwa maji, anataga, na mwekundu anamlinda juu."

"Pengine nakosea wewe. Jua iko kali pale."

Jua! Mimi niliyezaliwa chini ya jua hilo! Niliingia jikoni nikasugua sufuria mpaka mpishi akaniuliza sufuria imenikosea nini. Nilikasirika kiasi cha kulia, na bado sijui kwa nini jambo la wadudu wawili lilinishika namna ile. Labda ni kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu nililolijua mimi, ambalo hakuna mtu aliyenifundisha.

Mwishowe memsabu, kwa kunichoka nadhani, akasema sanduku lake la wadudu litaondoka na lori Jumatatu kwenda kwa wataalamu wa Ulaya. Nikimletea kabla ya hapo jozi sita, kila jozi imekamatwa ikiwa imeshikana, atatazama upya. Akanipa wavu wa pili, na vibahasha vya pembetatu alivyokunja kwa magazeti. Kila jozi katika kibahasha chake.

Wiki hiyo ilinitoa roho. Kereng'ende aliye peke yake ni mjanja, lakini wawili walioshikana wana macho manne makubwa yanayoona kila upande. Nilianguka mtoni mara mbili. Niliumia goti. Jumamosi jioni nilikuwa na jozi zangu sita, nikazipeleka nyumbani kwa mama, nikaziweka juu ya kinu, nikaenda kanisani siku iliyofuata nikiwa nimejaa maringo kabisa.

Niliporudi vibahasha vilikuwa vitupu, vimepangwa vizuri kwenye kona.

"Mwaitu," nikamwita mama, "vitu vyangu viko wapi?"

"Sisimizi walikuwa wameviingilia," akasema, akinitazama kwa furaha ya mtu aliyeokoa nyumba isiungue. "Nimeviweka na mbegu."

Nyumba zetu zote zina dari ya fito juu ya mafiga, na hapo ndipo mbegu za mwaka ujao hukaa, kwenye moshi, mdudu asizifikie. Kitu cha thamani unachotaka kikae, unakipeleka juu ya moshi. Mama hakujua njia nyingine ya kutunza kitu. Aliwatoa kereng'ende kwenye karatasi kwa sababu mbegu ikifungwa inakosa pumzi, akawamwaga wote kumi na wawili ndani ya nusu kibuyu, akatia majivu kidogo, akachochea kuni mbichi ili moshi uwe mzito. Niliposhusha kile kibuyu, wote walikuwa kahawia. Hakuna mwekundu, hakuna wa uji, na hakuna aliyejua nani alikamatwa na nani.

Nilimpigia mama kelele. Sijawahi kuandika maneno yote niliyomwambia, na sitayaandika leo. Nilimwambia hajui lolote, nikayarudia mara nyingi, na majirani wakasikia. Yeye alishika kile kibuyu kwa mikono miwili akaniomba msamaha, mama yangu mzazi, akaniomba msamaha.

Jumatatu asubuhi niliwapeleka hivyo hivyo, kwa hasira tu, ili memsabu anicheke na mambo yaishe. Hakucheka. Aliwapuliza majivu, akawapanga kwenye karatasi nyeupe, akaniambia nimwonyeshe wekundu. Sikuweza. Akajaribu mwenyewe, akaweka wawili huku, akawarudisha. Kitabu kilikuwa wazi pembeni, lakini picha zake zote zilikuwa za rangi, na mbele yetu rangi haikuwepo. Basi akachukua kioo chake cha kukuza, akaanza kuhesabu mishipa ya mabawa, bawa baada ya bawa, midomo ikicheza. Kisha akatazama miguu, kisha mikia. Dereva wa lori alipiga honi nje, hakuna aliyemjibu.

Mabawa yalikuwa sawa kwa wote kumi na wawili. Tofauti ilikuwa ncha ya mkia peke yake: sita namna hii, sita namna ile, waume na wake.

Akatoa kalamu, akakata jina moja kati ya yale mawili.

"Wewe nasema kweli," akasema. Halafu akanyanyua mmoja wao kwa koleo ndogo. "Rangi ilikuwa nadanganya mimi. Nani nafundisha wewe kuondoa rangi na moshi?"

Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima kuangaliwa vile.

"Ni mimi mwenyewe, memsabu," nikasema.

Akaliandika hilo kwenye daftari lake.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anapepeta kunde mlangoni. Hakunyanyua kichwa. "Amekukasirikia?"

"Hapana."

"Si nimeviharibu?"

Ningemwambia. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kumwambia yeye kulikuwa ni kurudi kwa memsabu na kumwambia ukweli, na daftari lilikuwa limeshaandikwa.

"Yameisha, mwaitu," nikasema. "Wacha tu."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakugusa tena kitu changu bila kuniuliza. Nikianika majani ya kunde kwenye mwamba na mvua ianze, hakuyaondoa. Alisimama mlangoni akaniita, niyatoe, niyatoe, mpaka nimjibu, na mara nyingi nilipojibu yalikuwa yameshalowa.