Upande wa Jua wa Mwaloni

Kazi yangu ya kwanza Brussels ilikuwa ya gundi. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nimetoka Bukavu na shahada ya biolojia ambayo hakuna aliyeitaka. Nikapata kibarua katika hifadhi moja ya mimea mikavu: kubandika lebo kwenye karatasi, kutwa nzima. Nyingi zilikuwa za padri mmoja mzee wa Kibelgiji aliyeishi Kivu miaka ishirini akikusanya mimea, sasa amestaafu na kurudi kwao. Nilizisoma zote, maana mimi siwezi kushika karatasi nisiisome. "Mteremko wa kusini, wenye joto." "Mteremko wa kaskazini, wenye baridi." Vilima vya kwetu hivyo, nimevipanda kwa miguu yangu! Nikasema haya, padri ndiye anayejua. Nikabandika.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja. Lebo ya zamani haifutwi, hata iwe na kosa namna gani. Mtaalamu akiona kosa anaandika kikaratasi kingine, anakibandika chini ya ile ya kwanza na kutia jina lake. Waliotia majina ni wataalamu na wanafunzi wa utafiti tu. Sisi wa gundi tulibandika majina ya wengine. Jamani, nilivyovionea wivu vile vikaratasi!

Padri mwenyewe kustaafu kulikuwa kumemshinda. Alikuwa anachunguza misitu ya mialoni kusini mwa Ubelgiji, ile inayoota kwenye miteremko ya chokaa, mikavu na yenye joto, miti yake mifupi na imepindapinda. Alitaka kuipanga kwa makundi: majani gani yanaota pamoja, na likeni zipi zinakaa kwenye magome. Likeni ni yale madoa ya kijivu, kijani na njano yanayoshika miti na mawe, ambayo watu hupita wakidhani ni uchafu. Siku moja alinikuta wakati wa chakula nimesahau mkate wangu, naangalia kipande cha gome kwa lenzi. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu:

"Bon, maman. Jumamosi twende pamoja. Utakusanya likeni, halafu utapanga jedwali weye mwenyewe. Likikaa sawa, nitakuombea nafasi ya utafiti. Iko moja tu."

Nafasi ya utafiti! Jioni ile nilipanda ngazi za nyumba yetu, mtaa wa Etterbeek, mbili mbili, nikamkumbatia dada yangu mkubwa akiwa na mwiko mkononi. Akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia bora zaidi.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Tulishuka kwenye treni asubuhi, tukapanda mteremko, na padri akanipa maagizo mafupi: kwa kila mwaloni, likeni za upande wa jua kwenye bahasha moja, za upande wa kivuli kwenye nyingine. Halafu akaenda zake kuorodhesha nyasi. Mimi nikaanza. Nafika kwenye mti, naangalia jua linapiga wapi, nakwangua, natia kwenye bahasha, naandika kwa penseli: jua, au kivuli, na saa. Saa hakuniagiza. Ni mazoea ya mwalimu wangu wa Bukavu, ambaye daftari lisilo na saa alikuwa analirusha dirishani. Nilifanya kazi mpaka jioni bila kukumbuka njaa. Kila gome lilikuwa na kitu kipya, na kila kitu kipya nilikisemesha peke yangu kama mwehu.

Wiki nzima nilizitambua likeni zangu. Nyingine unaikwangua kidogo kwa wembe mpaka nyama yake nyeupe ionekane, unadondosha tone la javeli, ile ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na inageuka nyekundu palepale. Mara ya kwanza nilipiga ukelele, na wenzangu wa gundi wakadhani nimejikata.

Jumapili nikapanga jedwali kwenye meza ya jikoni. Kila bahasha ina ukanda wake wa karatasi wenye majina ya likeni zilizomo. Unahamisha kanda, hii huku, ile kule, mpaka zinazofanana zikae pamoja. Za jua zilipaswa kukusanyika upande mmoja na za kivuli upande wa pili. Wapi! Likeni zinazopenda joto zilikuwa zimetapakaa kote, nyingine katikati ya kivuli. Nilizihamisha tangu kutoka kanisani mpaka saa tisa. Nikazitukana. Nafasi yangu ilikuwa inaniponyoka mezani, mbele ya macho yangu.

Dada akaingia na beseni la nguo mbichi. "Toa makaratasi yako nipite. Naenda kuanika sebuleni. Jiko hili halioni jua."

"Hata asubuhi?"

"Hata asubuhi, hata mchana, hata jioni. Labda Julai, na lenyewe la kuazima."

Nikasimama. Kwetu jua linatoka huku, linapita utosini, linazama kule, na kila ukuta unapata zamu yake. Hapa linazungukia kusini, na jiko letu linatazama kaskazini. Padri aliposema upande wa jua, kwake ulikuwa upande mmoja siku nzima: kusini. Mimi nilikuwa nimelifuata jua kuzunguka shina. Asubuhi niliandika jua upande wa mashariki, saa sita kusini, alasiri magharibi. Mama yangu wee! Nimeharibu kila kitu.

Halafu nikakumbuka saa.

Kila bahasha ilikuwa na saa yake! Kivuli cha asubuhi ni magharibi, na jua la alasiri ni magharibi vilevile. Nikazisambaratisha kanda zote, nikaanza upya. Zikaja zenyewe. Kusini na magharibi zikakaa pamoja na likeni zao za joto, mashariki na kaskazini zikajitenga. Nilimvuta dada aje kuona, na maskini akaangalia kanda za karatasi, akasema ni nzuri.

Raba ilikuwa pale mezani. Penseli inafutika: ningefuta jua na kivuli, niandike kusini na kaskazini, na padri asingejua kamwe. Niliishika ile raba, nikairudisha kwenye droo.

Jumatatu nikamweleza kila kitu. Aliangalia jedwali muda mrefu. "Jedwali limekaa," akasema. "Lakini, maman, jua liko kusini! Kila mutu anajua. Mutu wa utafiti hawezi kukosa kitu kama hiki."

Damu ikanichemka. "Kila mtu wa kwenu, Padri! Kwetu jua linapita juu ya kichwa. Mimi nimebandika lebo zako za Kivu. Kusini joto, kaskazini baridi. Ulipima? Au uliandika tu kwa mazoea ya kwenu?"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Nikajua nimejimaliza.

Padri aliinuka, akaenda kwenye makabati. Akarudi na jalada la Kivu, akalifungua na kusoma lebo yake ya juu kabisa, midomo inachezacheza. Akasoma ya pili. Akavua miwani.

"Sikupima," akasema. "Miaka makumi mbili. Na hakuna mutu aliniambia."

Akatoa kikaratasi cheupe kwenye droo, akanipa kalamu yake ya wino.

"Andika."

Niliandika kwamba katika vilima vile upande wa kusini haukupimwa joto, na wala hakuna sababu ya kudhani unauzidi wa kaskazini. Nikampasia atie jina lake, kama ilivyo desturi, mimi nikachukua gundi.

Akakirudisha mbele yangu.

"Jina lako," akasema.