Mlio wa Pili wa Sindano

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeviumba viungo vya mwanadamu akavijalia kukunja na kukunjua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa hilo pekee nina deni la shukrani.

Nilizaliwa Marui, Kisarawe. Huko nililima mihogo na mananasi, na jioni nikawasomesha watoto Kurani barazani kwetu. Mume wangu alipofariki, mwanangu alinihamishia Sofu, Kibaha, kwenye nyumba aliyoijenga. Kisha kazi ikampeleka Mwanza. Nyumba ni nzuri, ina maji hadi ndani. Lakini majirani hutoka alfajiri kwenda kazini Dar na kurudi wamechoka. Zipo siku ambazo sauti pekee niliyoisikia ni ya muadhini.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Niliamka vimevimba, vimekakamaa, siwezi kukunja ngumi mpaka jua lipande. Nikasema ni maji baridi ya udhu, nikawa nayapasha moto. Ukaingia viganjani, kisha magotini na kwenye nyayo. Nilijichua kwa mafuta ya karafuu, nikameza vidonge vya maumivu hadi tumbo likawaka. Watu waliniambia, "Bibi, huo ni uzee tu." Nikaamini.

Nikawa siwezi kufunga kifungo. Nikasali nimekaa kitini. Kujisafisha chooni kulinipa taabu ambayo sikumwambia mtu. Siku moja nilishindwa kuzungusha kitasa cha chumba changu, nikabaki humo tangu adhuhuri hadi magharibi. Nilimsikia mtu akibisha hodi getini. Niliitika, sauti haikumfikia, akaenda zake. Mwisho nilikifungua kwa viwiko, ngozi ikachubuka.

Binti yangu Zuhura, anayeishi Mbagala, alipoviona viwiko vile alinipeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo, alinipima damu akasema, "Mama, huu si uzee. Ni baridi yabisi. Kinga ya mwili wako imegeuka, inavishambulia viungo vyako." Vidonge vilisaidia kidogo. Baadaye akaniandikia sindano ya kujichoma mwenyewe nyumbani, kila baada ya wiki mbili. Ina umbo la kalamu nene, na ncha yake imefichwa. Ukiikandamiza kwenye ngozi inachoma yenyewe, na inalia.

Muuguzi aliyenifundisha alikuwa kijana mcheshi. Alipandisha shati, akanionyesha tumboni kwake kwa kalamu isiyo na dawa. Mimi nimelelewa kuinamisha macho. Nikatazama kalenda ukutani.

"Umeona, bibi?"

"Nimeona, mwanangu."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa kabisa."

Nyumbani nilisema Bismillahi, nikaikandamiza pajani. Ikalia. Nikasema Alhamdulillahi, nikainua. Paja lililowa, nikalipangusa kwa kanga nikidhani ni ubaridi wa friji. Nikawa nafanya hivyo kila zamu yangu ilipofika, peke yangu kitandani, na vidole havikubadilika. Nikaanza kuogopa kwamba Mola ameniandikia hali hiyo.

Nilirudi kliniki na Zuhura. Daktari alivishika vidole vyangu, akavikunja kimoja kimoja. "Naona dawa haikusaidii. Ikiwa ni hivyo tutaisimamisha, na mikono itazidi kupinda."

"Basi mama, utakuja kwangu," Zuhura akasema. "Nitakuogesha, nitakulisha."

Alisema kwa mapenzi. Lakini mimi nilisikia kwamba sitashika tena msahafu, wala kijiko, wala mkono wa mtu. Nikalia.

Daktari akafunga mlango. "Kabla hatujaamua, hebu nione unavyochoma. Humu tumo wanawake peke yetu."

Akanipa kalamu, nikapandisha gauni. Bismillahi. Ikalia. Alhamdulillahi. Nikainua, na dawa ikatiririka hadi gotini.

"Mama! Unaipeleka wapi?"

"Si imeshalia?"

"Huo ni mlio wa kwanza, ndiyo kwanza inaanza! Subiri wa pili, na uone kidirisha hiki cha kalamu kimebadilika rangi. Kumbe dawa yote imeliwa na kanga!"

Zuhura alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo maana kanga yake haina baridi yabisi!"

Nikacheka na mimi, machozi yangali shavuni. Nilipowaeleza habari ya shati na kalenda, daktari hakucheka. "Kuona haya ni jambo jema, mama. Ungesema tu, tungekuitia mwanamke." Akanifundisha kuishika kwa ngumi nzima, kama mchi, na kuitoa kwenye friji mapema ipungue ubaridi.

Zamu iliyofuata nilikuwa Sofu, peke yangu. Niliikandamiza, ikalia, nikaanza kusoma sura ya Alhamdu taratibu. Hakuna aliyenishikia mkono. Kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, mlio wa pili niliusikia wazi kabisa. Nikamaliza sura ndipo nikainua. Paja lilikuwa kavu.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Ilikuja kama mtu mwenye haya: kwanza kidole kimoja, kisha kiganja. Leo nasujudu mpaka kipaji changu kinagusa mkeka. Vidole viwili vimebaki vimepinda, na upweke nao bado upo. Dawa hii haiutibu. Najichoma, natupa kalamu kwenye kopo lake, nakaa kidogo, na nyumba huwa kimya. Lakini mikono inayoinuka kuomba ni wageni wazuri kwa mtu aliye peke yake.

Ewe unayeumwa, usiseme umeelewa kwa kuona aibu. Uliza, kisha mwonyeshe daktari wako unavyofanya. Na wewe mwenye mama anayejichoma, kaa naye japo mara moja umtazame.

Mwenyezi Mungu akulainishie kila kilichokaza mwilini mwako na moyoni mwako, akupe mtu wa kukuuliza umeamkaje, na akujaalie kila asubuhi kumjibu kwa kheri. Amin.