Mukombero Ndani ya Chandarua

Huku kwetu Malava, Edah Navalayo anajulikana kwa jambo moja: akishika kitu, haachii. Mukombero aliushika siku aliyotoka msituni na kikapu kitupu.

Mukombero ni mmea wa mwituni unaotambaa juu ya miti. Mzizi wake hutafunwa, nao huuchangamsha mwili. Wauzaji hawakosi kando ya barabara. Lakini anayechimba mzizi ameua mmea. Pale mama yake alipokuwa akichimba huku akiimba, Edah alikuta mashimo. Mche mmoja tu ndio uliokuwa umesalia. Akaung'oa na udongo wake, akaupanda nyuma ya jiko. Alitaka uzae, apate mbegu, aoteshe mukombero kwenye kipande cha shamba kilichoko kando ya kijito.

Kipande hicho mumewe Mathew, mkulima wa miwa, alikuwa amekwisha kukipigia hesabu zake.

"Mama Mitchel," alisema, "nimekupa mpaka tutakapolima mwakani. Hiyo kamba yako isipozaa, ng'ombe wa kulima wanaingia."

"Itazaa, Baba Mitchel."

Adui wa kwanza alikuwa kuku. Walichakura shina mpaka mizizi ikaonekana. Edah akafanya vile akina mama wa kwetu hufanyia sukuma wiki. Alichukua chandarua kikuukuu cha kitandani, akakitandaza juu ya fito, pindo akalifukia chini. Kuku wakabaki kuzunguka nje wakinung'unika.

Mmea ukanenepa, ukatoa maua ya zambarau yenye harufu ya ajabu. Yakanyauka, yakaanguka yote. Hata tunda moja halikushika.

"Mmea gani huu wa kulala ndani ya neti?" Mathew aliuliza mbele ya wageni. "Unaogopa malaria?"

Wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika. Edah akacheka nao, lakini usiku ule hakula. Akaongeza mbolea. Akamwagilia maji. Akauombea kanisani bila kumwambia mtu anaombea nini. Mvua za pili zikaja, maua yakaja, yakaanza kuanguka vilevile.

Asubuhi moja aliona tawi limepenya kwenye tundu la chandarua na kupanda juu ya uzio wa nyuma ya jiko. Alichukua panga alikate, lisije likawaita kuku. Alipolivuta, mkono ukasimama hewani. Chini ya majani palikuwa na matunda mawili ya kijani, yameshikana shinani kama pembe za fahali.

Panga akaliweka chini. Akageuza ndoo, akaikalia, akatazama. Inzi wadogo walikuwa wakiingia ndani ya ua moja la tawi lile, wakitoka na kuingia lingine, kama watu wanaoamkiana nyumba kwa nyumba. Wengine walikuwa wakitambaa juu ya chandarua, wakitafuta njia na kuikosa. Chandarua kilichomshinda mbu, inzi angepitia wapi? Kumbe msituni mmea huu haukuzaa peke yake. Ulikuwa na wageni wake, naye Edah ndiye aliyewafungia mlango.

Alicheka peke yake, akaingia jikoni kuchukua kisu. Alikipasua chandarua kuanzia juu hadi chini. Kuku aliwawekea matawi ya miiba kuzunguka shina. Maua yaliyokuwa yamebaki yakapata wageni, na kufikia Krismasi mmea ulikuwa umejaa pembe za fahali kila upande.

Siku ya kulima, Andati mwenye jembe la ng'ombe alifika mapema. Mathew alikuwa akimwonyesha mipaka wakati Edah alipotokea na ungo kichwani. Akautua katikati ya shamba, akachukua tunda lililokauka, akalipasua kwa kidole gumba. Mbegu zikafumuka na nywele zake nyeupe laini, nyingine zikapeperuka mpaka kwenye pua ya ng'ombe.

Mathew alitazama ungo. Alilipasua la pili mwenyewe, kisha la tatu.

"Andati," alisema mwishowe, "lima kule juu. Huku chini kuna mwenyewe."

Edah alipiga kigelegele mpaka ng'ombe wakarudi nyuma. Mathew akainama kuokota mbegu zilizoanguka, akizikinga na upepo kwa kofia yake.

"Na ile neti?" aliuliza bila kuinua uso.

"Ishone ujifunike wewe," Edah akamjibu. "Mmea wangu hauogopi malaria."