Taa Zilizonisalimia Njia ya Pande

Nisikufiche, msomaji. Tangu nihamie Kilwa Masoko kutoka Rondo na cheti changu cha ufundi umeme wa magari, nilichokisotea kwa masomo ya jioni, miezi mitatu sikusalimiwa na kiumbe ila mbuzi.

Juzi mchana Bi Zuhura, mwalimu mstaafu, akaniletea gari ambalo taa zake huwaka na kuzima zinavyotaka. Kwenye gereji zikatulia. Tukatoka kulijaribu kwenye njia ya Pande, mimi nikiendesha.

Kila gari tulilokutana nalo likaniwashia taa. Nikapunga mkono mpaka bega likateguka.

“Wote hawa wanakujua, mwanangu?”

“Ndugu zangu hao, Bibi.”

Dereva wa lori akatusimamisha.

“Shikamoo, Mwalimu. Taa zako zinawaka na kuzima tangu darajani. Tunawaashiria, huyu anatupungia tu. Kwani ni nani?”