Siku Mama Alipolia Makaburini

Upepo ukigeuka kutoka kusini, mji wetu mzima ulinuka manyoya ya kuku yaliyotiwa maji ya moto. Harufu ile iliingia kwenye mapazia, kwenye mkate, hata kwenye sweta la mwalimu wangu, na wenyeji walikuwa wameizoea kiasi kwamba ukiitaja wanakutazama tu. Ilitoka kwenye kiwanda cha kuchinja kuku, na kiwanda hicho ndicho kilichotuleta. Tulikuwa tumekaa Dallas muda mfupi tu baada ya kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Baba akasikia kwamba huko chini, kwenye njia ya kwenda Houston, kuna kazi isiyodai Kiingereza kingi. Basi tukafungasha masufuria, tukaenda. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na nilikuwa nimejiandalia Marekani ya maghorofa. Lo! Nilichokiona ni misonobari, udongo mwekundu, ng'ombe, na barabara moja yenye taa moja ya kuongozea magari.

Mji ule ulikuwa umezeeka kabla sisi hatujazaliwa. Zamani, walitusimulia, treni ilisimama pale kupakia pamba, na Jumamosi watu walijaa mtaani hata pa kufungia farasi hapakupatikana. Pamba ikaisha, treni ikawa inapita bila kupunguza mwendo, vijana wakaenda Dallas na Houston kutafuta maisha. Benki ilikuwa imegeuka duka la mitumba, na jumba la sinema lilibaki kuta tupu, mti umeota ndani. Lakini mtu akiugua, jirani alimkatia nyasi za uani bila kuombwa, na moto ukizuka, wazimamoto walikuwa kinyozi, fundi magari na mwalimu wa michezo, wanakimbia huku wanavaa mabuti. Hayo niliyajua baadaye. Mwanzoni tulimjua mtu mmoja tu, Miss Lorene wa ng'ambo ya barabara, mama mzee mweusi aliyekuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Kule watoto huwaita wanawake wazima Miss na jina lao la kwanza, nami nikafuata.

Mwaka wetu wa kwanza, baridi ilipoanza kupungua, simu ilikuja kutoka kambini: bibi yetu, mama yake Mama, amefariki na wameshamzika. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Mikeka hutandikwa, wanawake huja na unga na kuni, watu hulala hapo hapo, wakalia, wakasimulia, hata wakacheka, mpaka mfiwa apate kupumua. Mama hakuwa na wa kumjia. Watu wetu walikuwa Dallas, wamebanwa na zamu za maghalani. Walipiga simu, wakatoa pole, wakarudi kazini. Mama hakulia hata chozi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta. Hakupika, hakula, na hakunigombeza, jambo lililonitisha kuliko yote. Mama yangu, apite kwenye vyombo vichafu asiseme neno! Niliogopa kwamba ule ukimya utamuua. Baba naye aliogopa, maana nilimsikia akimwambia kwamba mwezi ukiisha bila nafuu, ataacha kazi turudi Dallas, tutakachokula tutakijua huko huko.

Ndipo siku moja Miss Lorene akamsimamisha Baba barabarani. Kwa Kiingereza chake cha kiwandani, Baba aliambulia kwamba Jumamosi mji wote utakwenda makaburini na kila nyumba ilete chakula. Kwa mtu wa Fizi, kwetu Kongo, maneno hayo yana maana moja tu.

“Kuna msiba,” akamwambia Mama. “Wanazika Jumamosi.”

“Nani amekufa?”

“Ningemuulizaje? Msiba hauulizwi kama bei ya nyanya.”

Mama akainuka. Uchungu wake ulikuwa wake, lakini jirani kuzika wewe umekaa ndani, hilo haliwezekani, hata kama marehemu humjui. Jumamosi alipika wali na maharage sufuria nzima, akajifunga kitenge kiunoni na kitambaa kichwani, akatuvalisha mimi na kaka yangu nguo za kanisani. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele, sufuria kichwani, madereva wakigeuza shingo kutuangalia.

Makaburi yalikuwa kwenye kilima chini ya mialoni. Tangu getini nilijua mambo si mambo. Watu walikuwa na kofia za jua na reki, wanachekeana, redio inaimba, mzee mmoja yuko juu ya mashine ya kukatia nyasi. Jeneza hakuna, shimo hakuna. Nilimvuta Mama kitenge, lakini wapi! Alikuwa ameshaitua sufuria. Aliweka mikono kichwani akapaza sauti: “Yoo, mama! Yoo, mama yangu!” Redio ikazimwa. Mashine ikazimwa. Mji mzima ukatugeukia, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alimnong'oneza kwamba tumekosea, hapa hapana maiti. Mama alimsikia, nina hakika, lakini kilio kilikuwa kimeshapata njia, akapiga magoti akaendelea.

Miss Lorene alikuja mbio kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Akaniuliza mama yako anamlilia nani. Nikamuuliza Mama, akanijibu kwa Kiswahili chetu, “Niko nalia mama yangu. Walimuzika bila mimi.” Nikatafsiri. Miss Lorene akatupa reki, akaketi kwenye nyasi kando yake, akamkumbatia, na yeye akaanza kulia. Wazee wetu walisema, kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Walikuja wanawake weusi na weupe, wakakaa chini na suruali zao za kazi. Nilielezwa baadaye kwamba zamani uzio uliwatenga wafu wa rangi hizo mbili pale kilimani, na ulipong'olewa, bado kila upande ulisafisha kwake. Asubuhi ile walikaa popote palipokuwa na nafasi karibu na Mama.

Kumbe ilikuwa siku yao ya kila mwaka. Waliohamia mijini hurudi, husafisha makaburi, kisha kabla ya kula hutaja kwa sauti majina ya waliofariki mwaka huo. Yule mzee wa mashine ndiye aliyetaja. Alipomaliza ya kwao, akavua kofia, akajaribu jina la bibi nililomnong'oneza: Nabintu. Likamtoka limepindapinda. Mama, macho yamevimba, akamsahihisha. Akajaribu tena, akaharibu zaidi. Mama akacheka! Alicheka huku kamasi zinamtoka, watu wakacheka naye, na mzee akarudia mpaka akalipata. Wali ukaisha wote. Wiki ile nzima walikuja nyumbani na mabakuli ya viazi na kuku, wakakaa sebuleni bila lugha, na Mama akanigombeza kwa kutowapa wageni maji. Nilifurahi mpaka nikalia. Habari ya kurudi Dallas haikutajwa tena.

Siku hizi mimi ni muuguzi, naishi Grand Prairie, kando ya Dallas. Wazazi wangu wamehamia Lewisville kwa kaka yangu, na wanangu nikiwaita kwa Kiswahili huitika kwa Kiingereza. Hapa akifiwa mtu wetu, ujumbe huzunguka kwenye simu na kabla ya jioni magari yamejaa nje ya nyumba yake, Wakongo, Wakenya na Watanzania. Yale tuliyoyakosa kule, sasa tunayo. Mji ule nao umezidi kupungua. Shule imeunganishwa na ya mji wa pili, na Miss Lorene amelala pale kilimani. Lakini kila mwaka tunashuka na reki zetu, na safari hizi vijana wetu ndio wanaoendesha mashine.

Mwaka huu, tukiwa tunasafisha, Mama alisema akifa azikwe pale. Kaka yangu akashtuka. “Mama, huku hatuna ndugu hata mmoja!”

Mama akaendelea kung'oa magugu. “Hawa walilia mama yangu,” akasema. “Unataka undugu gani mwingine?”