Alama Aliyoifuta Skolastika

Saa moja asubuhi, kijiji cha Mwamkulu, Mpanda. Skolastika Alois amechuchumaa mbele ya trekta la petroli lililomzidi umri. Ameingiza spoki ya baiskeli kwenye tundu la plagi ya kwanza. Dereva, Danford, anazungusha hendeli ya kuwashia injini polepole. Spoki inapanda.

"Simama." Anachora mstari wa chaki kwenye puli, gurudumu dogo la mbele linalozunguka na injini. "Haya, endelea. Taratibu, kaka. Hapo."

Spoki imefika juu, imeanza kushuka, sasa iko kimo kilekile cha mwanzo. Anachora mstari wa pili. Katikati ya mistari hiyo, anasema, ndipo pistoni inapofika juu kabisa.

Kwa nini asiitazame tu ikifika?

"Ikifika juu inasinzia. Puli inazunguka, spoki imetulia. Ukikisia hapo, umeshakosea."

Kazi hii mafundi huiita kupanga taimingi. Cheche ya plagi inatakiwa iruke kitambo kidogo tu kabla pistoni haijafika juu. Ikichelewa, trekta linakosa nguvu shambani. Ikiwahi mno, injini inairudisha hendeli kinyume, mikononi mwa anayeizungusha.

Danford anaonyesha kifundo cha mkono wa kulia, kilichopona kikiwa kimepinda. Alifungwa plasta wiki sita, msimu wa kulima ukampita.

"Mke wangu aliniambia, sasa utaogeshwa kama mtoto," anasema. "Na kweli, niliogeshwa."

Wakulima ishirini na wawili wanaolimiliki trekta hilo wakamwita Skolastika. Akagundua kwamba puli haikuwa ya injini ile. Ilitolewa kwenye trekta bovu huko Mwese, ikaja na alama yake ya kupangia taimingi. Aliyeifunga ni Fundi Obadia, mtu aliyemfundisha Skolastika kazi kwa miaka minane. Obadia aliiamini alama hiyo, akaikoleza kwa patasi na kupanga cheche kwa kuifuata, ikawa inawahi mno.

Skolastika alichukua tupa, akaisaga ile alama mpaka ikapotea, wanakikundi wote wakiwa wanaangalia.

Obadia, anayeheshimika na mafundi wengi wa Mpanda, aliona amevuliwa nguo hadharani. Akawaambia wenye matrekta wasimpe Skolastika kazi mpaka aombe radhi. Msimu uliopita mama huyu wa watoto watatu alihudumia matrekta tisa. Mwaka huu mvua zinakaribia, na hili, alilorudi kulipanga upya, ni la pili.

"Sikatai, alama ilinidanganya," anasema Obadia, akiwa kwenye gereji yake mjini. "Lakini binti angenifuata kimya, tungeifuta pamoja. Spana ya kwanza nilimshikisha mimi."

Wapo waliomshauri Skolastika aombe tu, yaishe. Danford ni mmoja wao. "Dada, neno moja tu linakupa ugali," anamwambia tena leo.

"Shika taa hapo," anajibiwa.

Skolastika anabana karatasi ya sigara kati ya pointi, vile vipande viwili vidogo ambavyo vikiachana ndipo cheche inaruka. Anageuza distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, kwa mkono mmoja huku mwingine ukiivuta karatasi. Karatasi inapoachia, anakaza bolti, kisha anairudisha plagi.

Danford anaitazama hendeli bila kuigusa. Skolastika anamsogeza kwa kiwiko, anaishika mwenyewe, anaivuta mara moja. Injini inawaka na kutulia. Danford anacheka peke yake.

Mpango wa Skolastika ni kuzunguka vijiji vya Mwese kabla barabara hazijaharibika, awafundishe madereva kutafuta kimo cha pistoni wenyewe, kwa spoki na chaki. Hajui watakuja wangapi, maana Obadia ana ndugu wengi kule.

"Mwalimu wangu namheshimu," anasema, akijifuta grisi. "Akiugua nitampikia. Ila ile alama ingebaki hata siku moja, fundi mwingine angeifuata, na mkono mwingine ungevunjika. Kuifuta kwa siri ni kuwaacha watu wadhani Danford alikosea kuzungusha. Siombi radhi."